Wafu wa Kubebeana

Siku Solange alipoanguka darasani, mwalimu Evariste alikuwa ameelekea ubaoni, akiandika vitenzi vya Kifaransa. Alisikia dawati likisukumwa, halafu kishindo kidogo, kama cha gunia lililowekwa chini na mtu mwangalifu. Alipogeuka, msichana alikuwa amelala chali sakafuni, macho wazi, mikono imenyooka ubavuni. Hakutoa povu wala hakujirusharusha. Midomo yake tu ndiyo iliyokuwa ikienda.

“Dominique,” alisema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. “Toka sasa. Bamekwenda. Dominique, toka.”

Wanafunzi hawakupiga kelele. Walisogeza madawati kando taratibu, kama watu wanaompisha mgonjwa njiani, wakangoja. Tangu mvua za Oktoba zianze, wasichana walikuwa wakianguka katika shule ile ya Ngezi, leo huyu, kesho yule, na kila mmoja akiita jina la mtu ambaye wenzake hawakumjua. Mmoja alimwita mzee fulani akimsihi aache ng’ombe akimbie. Mwingine aliimba wimbo wa kubembeleza kwa lugha ambayo kwao hawaisemi. Walimu walisema ni malaria, wengine wakasema ni njaa, wengine wavulana. Evariste naye alikuwa amesema malaria.

Lakini Dominique, Evariste alimjua. Alikuwa mtoto wa mwisho wa dada yake. Vita vilipofika kijijini kwao, juu ya milima ya kuelekea ziwani, mama alimtia mtoto huyo ndani ya pipa tupu la maji, akamwambia asitoke mpaka aitwe. Kisha akakimbia na binti yake Orly, na hakufika mbali. Orly aliendelea peke yake. Hakubaki mtu wa kurudi kumwita yule wa kwenye pipa. Orly aliyasimulia haya mara moja tu, jioni aliyofikishwa Bunia akiwa ameng’oka meno ya mbele na mapya hayajaota, na Evariste akamwambia: usiseme tena. Majirani waliambiwa kwamba mtoto mdogo alikufa kwa homa njiani. Tangu hapo jina lile halikutamkwa nyumbani kwake.

Na Solange alikuwa mtoto wa mchuuzi wa samaki kutoka upande wa Mahagi, aliyehamia Bunia juzijuzi. Hapakuwa na wa kumwambia habari hiyo.

Evariste alipiga magoti kando yake. Msichana akayageuza macho, akamtazama, na kwa heshima kabisa akasema, “Polepole, mwalimu. Anasikiaka viatu.”

*

Mkuu wa shule aliitwa Athanase, na kila mtu alimwita prefe. Alimpokea Evariste ofisini mchana huohuo bila kumpa kiti. Katibu alikuwa pembeni akimenya karanga.

“Bageni ba tathmini banafika Alhamisi, siku ya ine,” prefe alisema. “Banazunguka mashule yote ya Bunia, banapima kama programu ya kusikiliza batoto inatembea. Na kwetu inatembea. Si njo vile?”

“Chumba iko na simenti, prefe.”

“Simenti itatoka.”

Chumba cha Kusikilizwa kilijengwa na shirika lililoleta mpango huo, kwa ajili ya watoto waliobaki na vita kichwani. Kilikuwa na mikono miwili iliyochorwa ukutani na maua kuzunguka mlango. Evariste alichaguliwa kuwa msikilizaji. Alipelekwa mafunzoni kwenye hoteli mjini, akarudi na fulana na mfuko wa kitambaa. Juma la kwanza alifungua chumba, akaketi. Akaja mvulana mmoja, akaanza kumweleza alichokiona chini ya kitanda siku ile ambayo baba yake aliitwa nje. Evariste alimsikiliza mpaka maneno yake yote ya mafunzo yakamkauka. Mwishowe akamwambia yule mtoto aende kunawa uso. Kesho yake akampa prefe ufunguo, na chumba kikaanza kuhifadhi saruji.

“Benye kujua kusema utabachagua weye,” prefe aliendelea. “Eddy, ule wa mwaka ya tano, iko na Kifaransa ya muzuri. Na benye kuangukaka babaki kwao siku ile.” Alimnyooshea Evariste kidole. “Na ule wako pia.”

“Orly hajaanguka hata siku moja.”

“Njo ile minasema. Benzake bote banaanguka, yeye hapana. Na bote banaketi naye. Mwalimu, mimi sisemi kitu. Abaki.”

Kisha prefe akavuta kiti chake mbele, akajifanya mgeni. “Mwalimu, batoto banafikaka hapa siku gani?”

“Siku ya tatu, prefe. Kila juma.”

“Unaangalia chini. Sema tena.”

Alisema tena. Prefe akamrudisha mwanzo, akamsahihisha mikono, akamwambia atabasamu kidogo, si sana. Katibu aliacha kumenya karanga ili atazame vizuri. Evariste, mwanamume mwenye mvi, alisimama pale akijifunza kutabasamu kama mtoto anayefundishwa salamu. Alipotoka, helikopta ya wanajeshi wa Umoja wa Mataifa ilikuwa ikipita juu, na alitambua kwamba wanafunzi wote uwanjani walikuwa wamesimama kimya, shingo juu, hadi ilipotoweka. Walifanya hivyo kila siku. Alikuwa hajawahi kuona.

*

Nyumbani kwake Mudzipela walikuwa watatu tu: yeye, mkewe Bernadette, na Orly. Bernadette aliuza maziwa sokoni. Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi siku ile, na kidumu kichwani kilikuwa kizito kama alivyokwenda nacho.

“Maziwa imerudi,” alisema, akikitua. “Bananipita. Ule mwenye kununuaka tangu zamani, leo amevuka barabara ili asinisalimie.”

“Juu ya nini?”

Bernadette aligeuza kichwa. Alitazama uani, ambako Orly alikuwa akifagia. Msichana alifagia kwa namna yake: akifika mahali fulani karibu na mlango wa jikoni, anazunguka, anaacha duara dogo lisilofagiliwa, kana kwamba kuna mtu ameketi hapo na si adabu kumfagilia miguuni. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi. Evariste alidhani ni uvivu.

Orly alipomaliza, alikuja kumsalimu. Alimwita noko, kama watoto wa pale wanavyomwita mjomba.

“Noko, leo Solange aliita?”

“Aliita nani?”

“Unajua.” Aliuegemeza ufagio ukutani. “Aliita muzuri? Kwa polepole? Yeye anapendaka kusema kwa nguvu, nilimwambia hapana, mutoto ataogopa.”

 Evariste angeweza kuuliza. Swali lilikuwa tayari mdomoni, na mtoto alikuwa amesimama mbele yake akilingoja. “Enda kuteka maji,” alisema.

Orly aliporudi na maji, mama yake Solange alikuwa amekwisha kufika. Jina lake Marcelline, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikataa kiti. Alisema mbele ya Orly, bila kumtazama.

“Baba Evariste, mama Bernadette, mimi sikuje kwa kugombana. Mutoto wangu anapakua chakula, anatenga kidogo pembeni. Ninamuuliza, ni ya nani? Anasema, ya katoto kadogo. Anafunga mulango kwa polepole. Anasema, mama, usipige sufuria, iko analala. Kwangu hakuna katoto.” Akameza mate. “Na baba yake mwenyewe, ule bwana yangu aliyekufa kwa maji, Solange hamulilie tena. Zamani alimulilia kila siku. Nimemuuliza, baba yako iko wapi? Anasema, iko kwa Orly.”

 Orly alikuwa ameinama, akimimina maji kwenye mtungi, na hakumwaga hata tone.

“Mutoto yenu anagawa bafu, batu benye bamekufa,” Marcelline alisema. “Anabagawa kwa batoto ba benyewe, sawa vile batu banagawaka mbuzi. Ninaomba mumupeleke penye bataweza kumuombea. Mukikataa, si mimi peke yangu nitakuja. Mimi nimekuja kwa heshima. Bengine sijue.”

Alipoondoka, Bernadette alikaa juu ya kidumu chake cha maziwa. “Kaka Adolphe anabafunguaka batoto ba namna hii,” alisema. Adolphe, kaka yake, alikuwa shemasi wa kikundi cha maombi kilichokuwa na kibanda nje ya mji, njia ya Komanda. “Siku ya ine haendi masomo. Ampeleke siku ile.”

“Ni mutoto ya dada yangu.”

“Nimemulea, Evariste. Nilimuosha vidonda ya miguu, mimi, si weye. Ninamupenda. Lakini siku hizi ninaogopa kumupa mugongo.” Akashusha sauti. “Juzi nilimukuta jikoni anasema na batu. Anajibu, ndiyo, ndiyo, nimesikia. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka, sawa ya mama mwenye batoto bengi.”

Evariste alikubali. Alijiambia kwamba ni maombi tu, na maombi hayajawahi kumdhuru mtu, ingawa Bunia nzima ilijua watoto walivyotoka katika vibanda vile: mbavu nje, macho chini, wakikiri chochote walichoulizwa.

*

Siku iliyotangulia ugeni, wavulana walitoa saruji na Evariste akakipiga deki chumba mwenyewe. Eddy alikariri majibu yake akitembea huku na huku: mwalimu anatusikiliza, tunajisikia mwepesi, tunalala muzuri. Alikuwa na sauti nzuri. Wingu zito lilikuwa limefunika mji, na taa hazikuwepo, hivyo chumba kilikuwa na giza la kijivu, na ile mikono miwili ukutani ilionekana kama ya mtu anayejaribu kutoka ndani ya ukuta.

Eddy alipokwenda, Evariste alisikia minong’ono. Ilitoka nyuma, ambako kulikuwa na darasa lililoachwa kabla ya kukamilika, matofali yakiwa yamefika usawa wa madirisha, nyasi zimeota ndani. Alizunguka, akasimama penye nafasi ya mlango, upande asioweza kuonekana.

Wasichana walikuwa wameketi kwenye nyasi, magoti yakigusana. Aliwatambua: wote ni wale wa kuanguka. Orly, ambaye hakuwahi kuanguka, alikuwa katikati yao, mgongo kwake.

“Weye unabeba nani?” Orly aliuliza.

“Muzee Willy. Ule wa ng’ombe,” msichana mmoja alijibu.

“Anasemaka nini?”

“Anasema ng’ombe zimefika. Hataki kurudi tena.”

“Muzuri. Umwambie mwenyewe amesikia.” Na msichana mwingine, ambaye bila shaka mzee yule alikuwa babu yake, akafuta macho kwa kiganja, akatikisa kichwa.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Kila mmoja aliulizwa, kila mmoja akajibu kwa niaba ya maiti wa mwenzake. Evariste alielewa taratibu, kama mtu anayezoea giza. Watoto hawa walikuja mwanzoni mwa mwaka kutafuta chumba walichotangaziwa, wakakikuta kimefungwa. Wakaketi nyuma yake. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mkubwa, walijitungia kanuni yao: mtu hawezi kubeba wake, maana ni mzito mno, lakini wa mwenzako unaweza. Basi wakabadilishana. Nipe baba yako, nikupe mdogo wangu. Kila mmoja akalala usingizi kwa mara ya kwanza. Lakini wafu wa watu si mzigo wa kuuweka chini ukichoka, na miili ya watoto ilianza kusalimu amri, wakawa wanaanguka.

“Mimi nimeshindwa,” alisema msichana mwingine. “Ule mama wa Léonie anawakaka moto. Hata mchana ninasikia harufu. Ninamurudisha.”

“Nirudishie mimi,” Orly alisema.

“Orly, weye iko na bengi sana.”

“Hakuna shida. Niletee.”

Msichana alinyoosha mikono yake mitupu, viganja juu, na Orly akapokea. Hapakuwa na kitu, Evariste aliona wazi hapakuwa na kitu. Lakini mabega ya mpwa wake yalishuka, na mguu wake mmoja ukasogea ili kushika uzito.

Kisha Orly akasema, bila kugeuka, “Noko, kama unasikiliza, ingia. Usisimame kwa mulango. Benye kusimamaka kwa mulango banaogopesha batu yetu.”

Wasichana wote wakainua nyuso kuelekea upande wake. Walimngoja. Palikuwa na nafasi kwenye nyasi, kati ya Orly na Solange, ya kumtosha mtu mzima.

Evariste aligeuka, akaondoka haraka, na viatu vyake vilipiga kelele kwenye changarawe.

*

Alhamisi asubuhi Adolphe alikuja kwa pikipiki, akamchukua Orly. Msichana alikwenda bila ubishi, akiwa na gauni lake la kanisani. Alimuaga Bernadette, akamwambia noko wake, “Leo haitakuwa muzuri kule masomo.” Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu anayetazama wingu.

Mgeni wa tathmini alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Butembo, aitwaye Kanyere, mwenye kandambili zilizojaa matope kwa sababu gari lilikwama na aliamua kutembea. Prefe alimkaribisha kwa soda. Alioneshwa Chumba cha Kusikilizwa, kimepakwa chokaa, mkeka mpya, vitabu vya picha vilivyoazimwa kwa masista. Evariste alisema sentensi zake. Alitabasamu kidogo, si sana. Eddy alisimama akasema zake, na hata dereva aliyekuwa mlangoni alitikisa kichwa kwa kuridhika.

“Aksanti, Eddy,” Kanyere alisema. “Siku ya mwisho ulipoketi hapa, ulimwambia mwalimu nini?”

Eddy alimtazama prefe. Akamtazama Evariste. “Nilimwambia… aksanti.”

“Aksanti ya nini?”

Kijana hakuwa amepewa jibu la hilo. Kisha wote walisikia lango la shule likilia.

Wasichana waliokatazwa kuja walikuwa wanaingia. Walikuja kwa mstari uliovurugika, bila sare, wengine wakiwa na vitenge vya jikoni, mmoja bila viatu. Walivuka uwanja polepole mno, wakiwa wameinama kidogo mbele, kama wanawake wanaoshuka mlima na kuni. Mlinzi alinyoosha mkono kuwazuia, halafu akaushusha, akarudi nyuma, akavua kofia. Baadaye aliulizwa kwa nini, akasema aliona ni msafara wa mazishi.

Walifika mbele ya chumba, wakasimama.

“Orly iko wapi?” Solange aliuliza.

“Rudini kwenu,” prefe alisema.

“Bafu bote bamerudi asubui hii, mara moja,” Solange alisema. “Bale alikuwa anatubebea. Amebaacha. Orly hawezi kubaacha. Bamemufanya nini?”

Kisha wakaanza kulala chini, mmoja mmoja, bila kuanguka, wakijilaza kwenye udongo wenye unyevu kama watu wanaojilaza kando ya wagonjwa wao. Na majina yakaanza. Yalitoka kwa sauti ya kawaida, juu ya majina mengine, mengi, ya wanaume na wanawake na vichanga. Madirishani mwa madarasa, wanafunzi ambao hawajawahi kuanguka walisimama kimya, na midomo ya baadhi yao ilianza kwenda pia. Evariste alilisikia la Dominique. Halafu, kutoka dirisha asilolijua, kwa sauti ya mvulana ambaye hakuwahi kumfundisha, alisikia mtu akiita Rébecca, Rébecca, inuka, batoto banakungoja. Rébecca lilikuwa jina la dada yake.

Prefe alicheka. “Ni tiyatri, mama, muchezo wa kuigiza. Batoto banajifunza tiyatri ya mwisho wa mwaka.”

Kanyere hakumtazama. Alimtazama Evariste. “Mwalimu. Ni tiyatri?”

Shule nzima ilikuwa ikiita wafu wake chini ya wingu lile, na Evariste aliyatafuta maneno aliyofundishwa, akakuta hayapo.

“Hapana, mama,” alisema. “Hii njo programu. Balijifanyia benyewe, huku nyuma, sababu siye tulifunga mulango. Ile tulikuonesha ndani njo tiyatri.”

“Na huyu Orly?”

“Ni mutoto ya nyumba yangu. Nimekubali bamupeleke mahali.”

“Basi umulete,” Kanyere alisema. Alivua kandambili zake, akashuka ngazi, akaketi kwenye matope kati ya wasichana. Alimshika wa karibu mkono, akamuuliza kwa upole, kama wanavyoulizana wanawake sokoni: “Weye unabeba nani, mama?”

*

Evariste alichukua pikipiki mpaka mji ulipokwisha. Kibanda cha maombi kilikuwa cha mbao, nyuma ya mahali ambapo malori ya Komanda husimama kupoza injini. Ndani watu waliimba. Orly alikuwa kwenye mkeka kwenye kona, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa kwenye nguzo. Hakuwa na jeraha. Lakini uso wake ulikuwa mtupu namna ambayo Evariste hakuwahi kuona, kama nyumba iliyohamwa.

“Bado hajakiri,” Adolphe alisema, akimfuata. “Ananyamaza. Anafanya tu mikono hivi, sawa mutu anashika kitu kinamuponyoka. Umuache juma moja.”

Evariste alikuwa ameinama, akifungua fundo.

“Evariste. Ukimutoa sasa, bale bote batakufuata ndani ya nyumba.”

“Bako ndani tangu zamani,” Evariste alisema. “Ni batu yetu, Adolphe. Si mashetani. Ni batu yetu.”

Adolphe hakuwa mtu mbaya. Alisimama mbele ya mlango, Biblia kifuani, kisha akasogea.

Yaliyofuata, Bunia iliyasimulia kwa namna nyingi. Kanyere aliandika alichokiona, na shule ikapata alama ya chini kuliko zote. Prefe alimwondolea Evariste Kifaransa cha madarasa ya juu, na mwaka ulipokwisha alimtafutia shule ya msingi ya mbali, ambako mvua ikinyesha watoto hukusanyika upande mmoja wa darasa. Kuanguka hakukuisha siku ile. Solange alianguka hadi karibu na Noeli, halafu mara chache, halafu akaacha. Kila juma alikuja mwanamke aliyetumwa na Kanyere, na hakuketi chumbani, aliketi kule kwenye nyasi walikomzoesha wasichana. Marcelline naye alikuja siku moja, akiwa na sahani, akauliza kwa aibu kama anaweza kumsikia mumewe. Bernadette alichukua muda mrefu zaidi. Ilifika hata Pasaka kabla hajaweza kupika akiwa amempa Orly mgongo.

Lakini siku ile, pikipiki ilikuwa imeondoka, na wawili hao walirudi mjini kwa miguu, kando ya barabara, malori yakiwapita na kuwarushia matope. Walitembea mpaka kelele za maombi zikaisha nyuma yao.

“Solange anasema ulibaacha,” Evariste alisema.

“Bamenifunga mukono. Mukono moja haishike bote.” Alitafakari. “Dominique peke yake nilibaki naye. Solange alimuita kule masomo, akarudi kwangu. Na ni wangu, noko. Wangu siwezi.”

Evariste alisimama. 

“Unisimulie,” alisema. “Tangu mwanzo. Pipa ilikuwa ya rangi gani?”

Orly alimtazama usoni, akipima. Kisha akaanza. Ilikuwa ya bluu. Mama aliitoboa tundu kwa kisu ili apate hewa. Dominique alicheka, alidhani ni mchezo. Mama alimwambia, nikikuita utatoka, nisipokuita usitoke. Alikuwa mtiifu. Orly alisema lile neno mara mbili, alikuwa mtiifu sana, kisha akalia kama watoto wanavyolia, kwa mdomo wazi, katikati ya njia, na Evariste hakumwambia aende kunawa uso. Alimngoja. Alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulipofika aliusikiliza pia.

“Mimi ni noko yake,” alisema. “Si mama, si dada. Naweza kumubeba?”

“Utachoka.”

“Nitakuambia nikichoka.”

Orly alifuta pua. Alinyoosha viganja vyake juu, na Evariste, akijiona mjinga, akiwa hana hakika namna inavyofanywa, alinyoosha vyake vikubwa vyenye chaki kwenye kucha. Upepo ulikuwa umetulia. Aliinama kwenye barabara ile ya matope, na kwa sauti ya chini, ili asimshtue mtu, akasema maneno ambayo yalikuwa yamesubiriwa miaka yote ile.

“Dominique. Toka, baba. Bamekwenda.”

Waliendelea na safari. Nyumba za kwanza za Bunia zilikuwa zinaonekana, moshi wa jioni ukianza kupanda juu ya mabati. Orly alitembea kwa wepesi kuliko alivyomwona tangu utoto wake, akitangulia, akirudi. Kisha akamshika mkono wa shati, akamvuta nyuma kidogo.

“Polepole, noko,” alisema. “Miguu yake ni mifupi.”

Evariste alipunguza hatua.